Kamusi ya mitumba kutoka Kibuye, iliyopimwa kwa neno "dogma"

Kamusi ninayoihakiki hapa haina jalada la mbele, haina ukurasa wenye jina la mchapishaji, na kurasa zake za mwisho zimeng'oka kiasi kwamba herufi W inakatika katikati na Z haimo kabisa. Niliinunua Jumapili moja asubuhi katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake karibu na wauza viatu. Alianzia shilingi 1,200, tukaafikiana 700 baada ya mimi kumwonyesha mahali ambapo Z ilipaswa kuwa. Ni kamusi kubwa ya Kiingereza, ya aina ile inayoeleza asili ya kila neno sambamba na maana yake, na muhuri uliofifia ndani yake unaonyesha kwamba iliwahi kuwa mali ya maktaba ya umma huko Uingereza kabla ya kuondolewa rafuni. Kwa kuwa siwezi kuitaja kwa jina, tathmini hii ni ya nakala yangu na ya aina hii ya kamusi kwa jumla, na msomaji akikutana na nyingine ya namna hiyo atajua aikague wapi kabla ya kutoa pesa.

Kazi yangu ni kutafsiri, hasa nyaraka za shule na za makanisa, na mwezi ule nilikuwa na kijitabu cha mafundisho ya wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, ambacho kigango kimoja (kanisa dogo lililo chini ya parokia) nje kidogo ya mji kilitaka kiwekwe katika Kiswahili. Neno "dogma" lilijitokeza humo mara kumi na moja. Kamusi ya simu niliyokuwa nikiitegemea ililieleza kwa mstari mmoja tu, kwamba ni imani ambayo watu hutakiwa kuikubali bila kuihoji, nami nikaandika "imani isiyohojiwa" mara zote kumi na moja na kupeleka rasimu. Katekista, mzee aliyeanza kufundisha katika kigango hicho kabla mimi sijazaliwa, alisoma hadi ukurasa wa pili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole unaouma kuliko ukali.

"Mwalimu, sasa hawa wanafunzi wangu wakiniuliza swali, niwafukuze?"

"Hapana, Mzee. Ndivyo Kiingereza kinavyosema."

"Kiingereza cha nani?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kibuye.

Kidahizo cha "dogma", yaani sehemu inayolieleza neno hilo, katika kamusi hii kinachukua mistari kumi na miwili ya safu nyembamba, kwa chapa ndogo mno ambayo mtu wa umri wangu huisoma akiwa amekaa dirishani. Kwanza linakuja neno lenyewe kwa wino mzito, kisha matamshi, kisha wingi wa aina mbili, ule wa kawaida unaoishia na s na ule wa Kigiriki, "dogmata", ambao Waingereza wa karne ya 17 walikuwa bado wakiuandika. Baada ya hapo zinapangwa maana kwa nambari, na hapa ndipo tofauti kubwa na kamusi ya simu inapoonekana: yangu inaanza na maana iliyo kongwe na kushuka taratibu hadi iliyo changa, ilhali ile ya simu huanza na maana inayosikika zaidi leo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Maana niliyomwandikia katekista imo pia katika kamusi ya Kibuye, lakini ni ya mwisho, na imewekewa alama kwamba hutumiwa kwa dharau. Mtafsiri anayesoma mstari wa mwisho peke yake ni sawa na mtu anayefika matangani jioni, akahesabu magari yaliyobaki, akadhani amejua waliohudhuria mazishi.

Mwishoni mwa kidahizo, ndani ya mabano ya mraba, kuna asili ya neno, na hapo ndipo nilipotumia asubuhi nzima. Kiingereza kililipata neno hili kupitia Kilatini, na Kilatini kililichukua kutoka Kigiriki, ambako dogma ni nomino iliyotokana na kitenzi dokein. Kitenzi hicho maana yake ni kuonekana, kudhani, na hasa kuonekana kuwa vyema. Kwa asili yake, basi, dogma ni jambo lililoonekana vyema kwa mtu au kwa watu. Mji wa Athene wa kale ulipochonga maamuzi yake juu ya mawe, mengi yalianza kwa fomula ambayo maana yake ni "imeonekana vyema kwa baraza na kwa watu", na kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Yeyote aliyewahi kukaa chini ya mti katika baraza la chifu hataona ajabu: jambo linazungumzwa, huyu anapinga na yule anaunga mkono, wazee wanaona vyema, na kuanzia hapo lile lililokuwa maoni linakuwa uamuzi unaomfunga hata yule ambaye hakuja. Safari yote ya neno hili, kutoka "naona" hadi "imeamriwa", inatembea juu ya daraja hilo moja.

Kamusi inataja kwa kifupi tu kwamba Agano Jipya hulitumia neno hili kwa maana ya amri. Ilinibidi nifungue Biblia mwenyewe, na sikujuta. Katika Luka sura ya 2, aya ya kwanza, ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili huisikia wakati wa Krismasi, tunasoma kwamba amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kuorodhesha watu. Katika Kigiriki, amri hiyo ni dogma. Hakuna imani hapo wala teolojia, ni serikali inayotaka kuhesabu watu wake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na wenzake wanapita mji hadi mji wakiwakabidhi waumini amri zilizoamriwa na mitume na wazee wa Yerusalemu, na amri hizo ni dogmata. Sasa rudi nyuma sura moja, hadi 15, uone amri hizo zilivyozaliwa: kulikuwa na mabishano makali kuhusu tohara, wakasimama wasemaji mmoja baada ya mwingine, na hatimaye barua ikaandikwa yenye maneno "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Hilo "ilimpendeza" la Biblia ya Kiswahili, katika Kigiriki, ni kitenzi dokein. Luka huyo huyo anakitumia kuhusu nafsi yake katika dibaji ya Injili yake, anaposema ameona vema naye kuandika. Kwa hiyo katika kurasa chache tu unaliona neno katika umri wake wote, mwandishi anayeona vema, mkutano unaoona vema, na Kaisari ambaye haulizi mtu.

Wanafalsafa wa Kigiriki walikuwa na matumizi yao, na hapa kamusi inapita haraka, nami nitafuata mfano wake. Dogma kwao ilikuwa msimamo mkuu wa shule fulani ya fikra, na Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma ya kale, alipotaka kulieleza neno hilo kwa Warumi, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya jambo lililoamuliwa. Matabibu nao waligawanyika: wale walioitwa wa dogma walitafuta sababu za maradhi zilizojificha ndani ya mwili, na wapinzani wao walitegemea yale waliyoyashuhudia kwa wagonjwa tu. Kwamba "dogmatic" iliwahi kuwa sifa ya daktari anayetafuta chanzo cha ugonjwa ni jambo ambalo kamusi ya simu isingeniambia hata betri yangu ingedumu mwaka mzima.

Maana ya Kanisa, iliyokuwa shida yangu, inapewa nambari yake yenyewe, nayo imeandikwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Haisemi kwamba dogma ni imani isiyohojiwa, bali kwamba ni fundisho lililotamkwa rasmi na mamlaka ya Kanisa. Kilichonifungua macho ni neno "kutamkwa", kwa sababu historia inaonyesha kwamba tamko huja baada ya maswali mengi. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliitishwa kwa kuwa Wakristo walikuwa wakibishana vikali juu ya uhusiano wa Mwana na Baba, na Kanuni ya Imani tunayoikariri Jumapili ina mizizi yake katika mabishano hayo. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, fundisho la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili lilitangazwa kuwa dogma na Papa Pio IX mwaka 1854, lile la kutokukosea kwa Papa likatangazwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani mwaka 1870, na lile la Kupalizwa Mbinguni likatangazwa na Papa Pio XII mwaka 1950. Mafundisho hayo yalijadiliwa miaka mingi kabla ya kutangazwa, na la mwaka 1870 lilipingwa na baadhi ya maaskofu ndani ya mtaguso wenyewe. Tarehe hizi hazimo katika kamusi, na sidhani kazi yake ni kuziweka, lakini tafsiri yake ya maana inazipa nafasi, na tafsiri ya kamusi ya simu ilikuwa imezifungia nje.

Hapa niseme jambo la kando linalowahusu watafsiri wa upande huu wa nchi. Mteja wangu wa mwezi uliofuata alikuwa mtu wa Vihiga, wa kanisa la Marafiki, yaani Quakers, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki, tangu walipoanza Uingereza katika karne ya 17, wamesitasita kumfunga muumini kwa kanuni ya imani iliyoandikwa. Katika maandishi yao "dogma" huja mara nyingi kama kitu cha kuepukwa. Neno moja, tofauti ya wiki nne, maana mbili zinazotazamana kwa macho makali, na mtafsiri mmoja anayelipwa kwa ukurasa.

Jinsi neno lilivyogeuka kuwa tusi la wasomi kunaelezwa kwa mistari miwili tu, na ningependa iongezwe. Kwa wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18, mtu wa dogma alikuwa yule anayedai kujua kabla ya kuchunguza kama anaweza kujua. Mwaka 1783 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba mwanafalsafa mwenzake David Hume ndiye aliyemwamsha katika usingizi wake wa dogma. Kutoka hapo hadi kumwita jirani yako "dogmatic" kwa sababu hataki kubadilisha chama si mbali.

Kisa ninachokipenda zaidi sikukipata katika kamusi, nilikisikia kwa mwalimu wa biolojia niliyemwonyesha kidahizo hicho, nikaenda kukithibitisha. Mwaka 1957, katika mhadhara huko London, mwanasayansi Francis Crick alieleza kwamba taarifa ya urithi ikishaingia katika protini haiwezi kutoka tena, na wazo hilo akaliita dogma kuu, jina ambalo wanafunzi wa biolojia hulikariri hadi leo. Baadaye alikiri kwamba hakuwa akilielewa neno vizuri: alidhani dogma ni wazo ambalo halina ushahidi wa kutosha, na mwanabiolojia Jacques Monod ndiye aliyemweleza kwamba dogma ni jambo ambalo muumini wa kweli hawezi kulitilia shaka. Mtu aliyeshiriki kugundua umbo la DNA aliteleza palepale nilipoteleza mimi, ingawa yeye alitelezea upande wa pili wa barabara. Nilimsimulia katekista, akacheka mpaka akakohoa.

Kuhusu ndugu wa neno, kamusi hii ni tajiri, na mtu mwenye subira atalipwa. Inakuelekeza kwenye "orthodox", yaani maoni yaliyonyooka, kwenye "paradox", yaani kilicho kinyume cha maoni ya wengi, na kwenye "doxology", kwa sababu doxa, nomino nyingine ya kitenzi kile kile, ilianza kama maoni na ikaishia kuwa utukufu. Inakwenda mbali zaidi hadi kwenye mzizi wa kale sana, dek-, wenye maana ya kupokea au kukubali, na kusema kwamba Kilatini kilipata humo kitenzi docere, kufundisha, ambacho kwa asili ni kumfanya mtu apokee. Hapo ndipo walipozaliwa "doctor", "doctrine" na "document". Niliposoma "kupokea" nililaza kitabu mezani. Kiswahili kina neno "mapokeo" kwa yale ambayo kizazi kinayapata kwa kizazi. Tumelijenga wenyewe kutokana na kupokea. Wajaluo ninaoishi nao wana kitenzi yie, ambacho ni kukubali na pia ni kuamini, na kanisani husema "ayie" mahali ambapo sisi husema "nasadiki". Maneno yetu mengine yamepita njia nyingine. "Itikadi" imetoka Kiarabu, katika mzizi wa kufunga fundo, ule ule unaozaa "akida" ya Waislamu, na picha yake ni ya kitu kilichokazwa moyoni. "Kanuni" nayo, ambayo wengi huidhani ni ya Kiarabu tupu, Waarabu waliichukua kwa Wagiriki, ambako kanon ilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. Haya ya Kiswahili hayamo katika kamusi ya Kibuye hata chembe, na anayeinunua akitarajia msaada wa moja kwa moja kwa tafsiri ya Kiswahili atasikitika. Ni lazima iwekwe mezani pamoja na kamusi nzuri ya Kiswahili, na ikibidi na mtu anayejua Kiarabu.

Kasoro nyingine ni za mwili. Mgongo wa kitabu umeachana na kurasa kuanzia herufi M, nami nimeushika kwa gundi ya fundi viatu, ambayo inashika vizuri kuliko ile ya dukani. Kwa wiki tatu za kwanza kilinuka kama stoo ya mahindi iliyovujiwa na mvua, mpaka nilipokianika juani kikiwa wazi, kurasa chache kila mchana. Vifupisho ni vingi na orodha inayovieleza ilikuwa katika kurasa zilizopotea, kwa hiyo mgeni wa kamusi za namna hii atahangaika siku kadhaa kabla ya kujua kwamba L ni Kilatini na Gk ni Kigiriki. Kwa maneno ya teknolojia haifai kitu, kwani ilichapishwa kabla ya simu za mkononi. Na mwanafunzi wa kidato cha pili anayetaka maana ya haraka kabla ya kengele asipoteze muda nayo. Simu yake inamtosha.

Muuzaji mwenyewe anastahili maneno machache. Hakuficha kasoro yoyote, tena yeye ndiye aliyenionyesha mgongo ulioachana. Aliniacha nisome kwa karibu saa nzima nikiwa nimekalia kreti ya soda, na nilipomuuliza kama watu hununua kamusi siku hizi alinijibu, akiniita mwalimu kwa Kijaluo, "Japuonj, watu hununua kitabu kikubwa wakidhani kina mambo makubwa. Wewe ndiye wa kwanza kutafuta neno kabla ya kulipa." Alikifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani. Harudishi pesa, lakini anakubali kubadilishana kitabu kwa kitabu ndani ya wiki mbili, jambo ambalo maduka mengi yenye milango na rafu hayakubali.

Katika kijitabu nilibadilisha maneno yote kumi na moja. Pale ambapo Kanisa linazungumza juu ya mafundisho yake niliandika "fundisho la imani lililotangazwa rasmi", na baada ya kulitaja mara ya kwanza nikalifupisha kuwa "fundisho tanzu", maneno ambayo Wakatoliki wamekwisha kuyazoea. Katika sehemu moja tu, ambapo mwandishi wa Kiingereza aliwaonya waalimu wasiwe watu wa dogma darasani, niliandika "wasiwe wakaidi wa maoni". Katekista alisoma kurasa zote akiwa amesimama, akafika mwisho, akaniomba kamusi aitazame kidogo nyumbani.

Mwezi wa tatu sasa bado anaitazama. Jumapili iliyopita nilirudi Kibuye kutafuta nyingine, nikamkuta muuzaji wangu na nakala ya kamusi ile ile, yenye jalada na yenye Z hadi ukurasa wa mwisho. Ameipandisha hadi shilingi 1,500, na nilipoifungua mbele nikaona inaanzia katikati ya herufi D, maneno machache baada ya "dogma".